Minazi Inayozunguka

Jumatano, 4 Septemba 2024
Minazi kumi na minne kabla ya saa nne! Kerege nzima mkwezi nani kama mimi? Ila ule wa mwisho — nimeinua kichwa kutafuta nazi zilizokomaa, mbingu ikazunguka kama pangaboi. Nimeukumbatia mnazi, nimefumba macho, nimetapika. Muharami, mkwezi mwenzangu, alikuwa chini. Anadai nilimlenga. Afadhali ningemlenga.

Ijumaa, 6 Septemba
Aibu. Msikitini, kwenye sijida, dunia imepinduka. Nimemwangukia mzee Hamood ubavuni. Nje watu wakaninusa mdomo! Mkwezi akiyumba, basi kaonja tembo la mnazi huko juu. Mimi tembo hata harufu siijui. Haya, naijua. Lakini leo sikugusa, Mungu shahidi. Nyumbani Mama kapata habari. Amelia.

Jumatatu, 9 Septemba
Hospitali, Bagamoyo. Daktari Raya, kadada kadogo, kanilaza chali ghafla, kichwa kinaning'inia, ananichungulia macho. Yanacheza, kasema. Si pombe, si jini. Ndani ya sikio mna chembe kama mchanga zinazotusaidia kusimama wima. Zangu zimehama mahali pake, zimeingia kwenye vijifereji. Nikigeuza kichwa, sikio linaudanganya ubongo kuwa nazunguka. Kichwa changu kina mchanga — Muharami asijue! Akanigeuza huku na huku, taratibu. Mimi dume zima nimeng'ang'ania koti lake. Wengi hupona, wengine mpaka arudie. Nirudi wiki ijayo. Na kupanda?

"Kaka, kizunguzungu kikikushika kule juu, mimi sitakuwa na cha kugeuza."

Jumanne, 10 Septemba
Nimeamka, dunia imetulia. Nikaringa mpaka kwa Bi Hanadi, mwenye shamba. Shikamoo, marahaba. Kumbe Muharami kafika kabla yangu, anaomba minazi yangu yote.

"Mwanangu, kizunguzungu kimekwisha?"

"Kimeshanisahau, Bi."

Mdomo huu! Basi panda, kasema, akimaliza kuswali adhuhuri anikute juu. La sivyo shamba la Muharami. Mimi shule niliishia la sita. Kazi nyingine siijui.

Kamba iko miguuni. Nimeinua kichwa mara tatu. Mara mbili mnazi umesimama. Ya tatu umeinama — au mimi. Muharami anakata kucha, anangoja. Nikimwambia Bi ukweli sasa...

Anaswali pale barazani, namwona. Rakaa ya nne hiyo. Kaketi.

Katoa salamu kulia. Imebaki ya kushoto, na mimi bado niko chini.