Mwisho wa Hadithi ya Odile

Alhamisi. Baridi ya mwezi wa tano imefika Lubumbashi, na vumbi limeganda kwenye vioo vya darasa. Nimefundisha nikiwa na koti. Sasa nimekaa nyumbani, chai imepoa mbele yangu, na moyo haujatulia tangu kipindi cha pili.

Nianze na somo, kama nilivyozoeshwa.

Wiki hii ninawafundisha wanafunzi wa mwaka wa nne kuchambua hadithi fupi. Ninachora visanduku sita ubaoni: wahusika, mandhari, mgogoro, msuko, dhamira, mwisho. Kisanduku kitupu ni sifuri. Kwa kuwa hatuna vitabu vya kutosha, niliwaagiza kila mmoja alete hadithi iliyosimuliwa kwao, imeandikwa kwenye ukurasa mmoja. Mstari mmoja zaidi siupokei. Sheria hiyo niliirithi kwa mtawa aliyenifundisha, na kwa zaidi ya miaka arobaini sijajiuliza maana yake.

Mwanafunzi wa kwanza alisema mandhari ya hadithi yake ni "inje". Nilimwuliza, nje ya wapi? Darasa likacheka. Nikawaeleza kwamba mandhari ni zaidi ya jina la mahali; ni jambo ambalo mahali hapo panamtendea mtu. Walinakili. Nilijiona mwalimu.

Kisha akasimama Dorcas, msichana mpole wa benchi la nyuma, akasoma yake. Moto umezimika nyumbani. Mama anamtuma binti yake akaombe moto kwa majirani na kumwonya asirudi mikono mitupu. Binti anapewa makaa matatu juu ya kigae cha chungu. Njiani anamgawia kikongwe kaa moja. Anampa mama aliyetoka kujifungua la pili. Limebaki moja, bado anatembea, na mvua inaanza.

Hapo Dorcas akashusha karatasi yake.

Nilikuwa nimekwisha kuitambua hadithi hiyo kabla ya kaa la pili. Ni ya marehemu mke wangu.

Hatukujaliwa watoto. Lakini tulipokuwa tukikaa Naviundu, jioni watoto wa majirani walijaa uani kwetu, wakizunguka mbabula, lile jiko letu la makaa, na Odile aliwasimulia huku akisubiri moto ushike. Mimi nilikuwa ndani, mezani, na rundo la madaftari na kalamu nyekundu. Kila alipofika kwenye mvua, watoto walianza kupiga kelele: "Alifika? Mama Odile, alifika?" Na kila mara nilipaza sauti dirishani: "Odile, punguza sauti, ninasahihisha!"

Naye alipunguza. Alimalizia kwa kunong'ona, na watoto walimsogelea hadi vichwa vikagusana. Nilichokisikia mimi ni kicheko chao tu.

Sikumwuliza hata mara moja. Niliona ni hadithi ya watoto, na kwamba muda ulikuwepo. Huu ni mwaka wa nne tangu tumzike.

"Na mwisho?" nilimwuliza Dorcas. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Page ilimalizika, Mwalimu. Mulisema moja tu."

"Mwisho alikula na bukari!" akadakia mmoja kutoka dirishani, na darasa zima likaangua kicheko, maana kila mmoja alikuwa amekula bukari yake, ugali wetu wa kila siku, jana jioni.

"Sikukula!" Dorcas akamjibu. "Iko na mwisho. Mama yangu alinielezaka yote. Yeye alisikiaka kwa Mama moja wa kule Naviundu, muke ya mwalimu fulani mukali sana." Kisha akanigeukia. "Nimalize kwa kinywa, Mwalimu?"

Hakujua mwalimu huyo ni nani.

Lazima niandike ukweli hapa, kwa kuwa darasani sikuthubutu kuusema. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, ndiyo. Nikasema: "Hapana. Kanuni ni kanuni. Keti."

Na kwenye karatasi yangu ya alama, katika kisanduku cha sita, nikamwandikia sifuri.

Nimemnyamazisha Odile tena.

Walipotoka nilimwita Dorcas mlangoni. Nilimwambia amsalimie mama yake, amwambie kwamba Jumapili baada ya misa nitapita kwao. Akashtuka. "Mwalimu, nimekosa nini?" Wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake wakimtania: "Aya, weye! Atakushitaki kwa mama!" Nilimjibu kwamba hajakosa kitu. Nadhani hakuniamini. Sina sifa ya kwenda kwa watu kwa habari njema.

Sifuri nimeifuta jioni hii. Kufuta wino ni kazi. Karatasi imebaki na tundu dogo.

Ninachoogopa ni hiki. Koti lake nililigawa. Picha zake nimezitazama hadi nimezikariri. Mwisho wa hadithi hii ndicho kitu pekee cha Odile ambacho bado sijakisikia, ndiyo maana miaka hii yote nimekuwa kama mtu ambaye mkewe yuko uani na atamalizia hivi punde. Nikishausikia, je, nitabaki nikisubiri nini?

Hata hivyo nitakwenda. Nitamwomba Mama Dorcas aanze mwanzo kabisa, pale moto unapozimika, na asiharakishe. Kalamu nyekundu nitaiacha mezani. Na akifika kwenye mvua, akishusha sauti kama alivyofundishwa, sitasema neno. Nitasogeza kiti karibu.