Ahsante ya Uhuru

Mwanangu Haitham,

Salamu zako zimefika. Baba yako mzima, na huyu mwanangu mdogo anaota meno, basi hatulali. Nawe umenizidishia: umepewa hotuba uisome kwenye sherehe huko Uingereza, ya kuwashukuru kwa kutupa uhuru, na unaniuliza, "Shangazi, nisome?" Unaogopa mfadhili wako ataudhika. Hata mimi naogopa.

Nilipokuwa skuli, Mwingereza mmoja alialikwa kwenye sherehe zetu za Mapinduzi, mwalimu akatuongezea ubeti wa ahsante kama hiyo yako. Nikawa nauimba nyumbani Michenzani. Bibi yako akatoka jikoni.

"We! Mtu anyakue kanga yako kambani, siku akirudisha ndo umwimbie?"

"Sasa tumfanyeje, mama?"

"Mpeni kahawa. Si mgeni huyo?"

Siku yenyewe, ubeti ulipofika, mimi na wenzangu wa mstari wa nyuma tulifumba midomo. Mgeni hakujua Kiswahili, akapiga makofi tu.

Huko watakuelewa kila neno, ndiyo maana moyo haunitulii. Lakini hiyo ahsante usiisome, mwanangu. Washukuru kwa masomo wanayokulipia, hilo ni kweli. Na mfadhili umwambie mapema, mkiwa wawili, usimfedheheshe mbele za watu. Akikasirika, nipigie saa yoyote. Nshamwambia baba yako aanze kuulizia nauli ya kukurudisha.

Shangazi yako,
Mwanaisha