Rangi Iliyowaka Nisiione

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mtoto ameota meno mawili, anang'ata kila kitu mpaka pua yangu. Mimi bado nipo maabara na macho ya nyuki. Kwa sindano ya kioo natia rangi ndani ya seli moja ya jicho, kisha naimulika. Mwanga ukiipata, kalsiamu hupanda ndani ya seli na rangi huwaka. Mashine hupima, mimi nachungulia kwenye hadubini.

Juzi asubuhi nilimwambia mkuu wangu, "Hii imekufa, haiwaki."

Akatazama grafu. "Mbona imepanda vizuri tu? Chungulia tena."

Nikachungulia kwa jicho la kushoto, ukungu mtupu. Nikahamia la kulia, nikaiona inang'aa. Nikasingizia uchovu.

Jana nilikwenda kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, ileile iliyompofusha baba. La kushoto ndiyo basi tena. La kulia nitalilinda kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yangu yote. Mama usimwambie kwanza.

Nimeshika simu mara tatu nikashindwa kusema, ndiyo maana naandika. Daktari anataka ndugu wa tumbo moja wote wapimwe. Uliponiandikia kwamba siku hizi unajigonga mlangoni kila mara, nilikucheka. Nisamehe. Unajigonga upande gani, dada? Hata usinijibu. Nenda kapimwe leo.

Mdogo wako, ambaye hatalala mpaka uende.