Mlango wa Ofisi ya Kijiko

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za sisi sote. U hali gani huko, na mkeo je, na huyo binti yenu tunayemjua kwa picha tu? Nasikia ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Mbusu kwa niaba ya shangazi yake, halafu mwambie asikimbilie utu uzima, huku hakuna cha maana.

Sisi hatujambo, hali ya kuinuka na kulala. Goti la Mama limetulia. Baba anakula, anasikiliza redio, na anabishana nayo kama ilivyo ada. Mimi mgongo ndio unanisumbua, maana kusuka watu kutwa nzima umesimama si mchezo, lakini mdomo wangu mzima kama utakavyouona humu.

Umeuliza mbona nimekuwa kimya. Nilikuwa na hasira, na barua ya hasira ukishaituma huwezi kuikimbilia. Sasa hasira imepungua. Kilichobaki ni masikitiko, na hayo nadhani unastahili kuyasikia.

Ni habari za binamu yetu, mtoto wa shangazi, Kijiko. Unakumbuka tulimpa jina hilo utotoni kwa kuwa hapakuwa na chungu ambacho hakukikoroga. Siku hizi ukimwita hivyo wapambe wake wanakukata jicho. Ni Mheshimiwa Diwani, na ukisahau Mheshimiwa unakumbushwa.

Kampeni zilipoanza alikuwa hana mbele wala nyuma. Hotuba yake ya kwanza alipiga kelele mpaka spika zikakwaruza, na watu wakarudi zao makazini. Ndipo akakuandikia wewe, bingwa wa matangazo ya sabuni, akakuomba maneno. Ukampelekea ile habari ya mlango.

Nani asiyejua Baba anavyofanya na milango yake? Akishaupachika mmoja hasemi kazi imekwisha mpaka mtoto mdogo kuliko wote wa nyumba ile aitwe, aufungue kwa mkono wake mwenyewe. Mlango ukimshinda mtoto, Baba anautoa, anaupiga randa upya, hata mwenye nyumba akiapa kwamba umemtosha. Sisi tulikuwa tunamcheka. Wewe ukaichukua, ukaipa mbawa.

Kijiko akasimama pale uwanja wa shule, Baba amekalishwa jukwaani na koti lake la harusini, vumbi la mbao bado limo masikioni, akasema: “Mlango wa ofisi yangu utafunguliwa na mtoto mdogo kuliko wote wa kata hii, wala hautamshinda.” Kina mama walilia. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Nilijisikia kama ninyi wote wawili nimewazaa mimi.

Alishinda, tena kwa kishindo. Aliyeshindwa alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kuanzisha mradi na kuumaliza, ila akishika kipaza sauti anasoma takwimu. Watu hawakumpa hata nafasi ya kukohoa. Nami nilikuwa mmoja wao.

Baba akamtengenezea Kijiko mlango wa ofisi, zawadi ya mjomba kwa mpwawe, mbao ngumu, bawaba nzito. Kitinda mimba wangu ndiye aliyeitwa kuufungua. Akapigwa picha, picha ikatiwa kwenye kalenda, kalenda ikagawiwa kata nzima. Ninayo ukutani kule saluni. Nadhani hiyo ndiyo siku ya mwisho mtoto kuugusa mlango ule.

Maana mbele yake likaja geti la chuma. Geti likaja na mlinzi. Mlinzi akaletewa katibu, msichana mpole, mteja wangu, ambaye kazi yake ni kusema Mheshimiwa yuko kikaoni. Nikiwa namsuka aliniambia kwamba vikao vingine ni Mheshimiwa na kiyoyozi tu.

Nisimwonee lakini. Mtaro wa mtaa wa juu kauchimba, na taa za barabarani zinawaka. Mwanzoni alikuwa anapita hata kwenye misiba na kukaa. Sijui ni wapi hasa alipoanza kuamini kwamba zile kelele za uwanjani zilikuwa zake peke yake.

Basi siku moja tukaamka tukakuta alama nyekundu za rangi kwenye kuta za safu yetu yote pale barabarani: fundi baiskeli, fundi saa, saluni yangu, na mwisho kabisa karakana ya Baba. Tukaambiwa tunapisha kituo kipya cha mabasi, mwisho wa mwezi tuwe tumehama. Tuhamie wapi, hilo halikusemwa.

Baba akasema tusipayuke, atakwenda kuzungumza na mpwawe. Akavaa koti. Akarudi jioni. Kesho yake akavaa koti tena, na keshokutwa. Anakalishwa kwenye benchi, anautazama mlango alioutengeneza mwenyewe, mpaka ofisi inafungwa. Nilipomuuliza Mheshimiwa kasemaje, alinijibu kwamba zile bawaba zinahitaji mafuta, hakuna anayezitunza. Koti akalirudisha kabatini.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa kututuliza, uwanja uleule. Mdogo wangu, Kijiko amehitimu. Hapigi kelele tena. Anashusha sauti mpaka watu wanainama mbele kumsikiliza, kisha ananyamaza, anafuta jasho lisilokuwepo. Alizungumza habari za kesho ya watoto wetu. Halafu akasema: “Mlango wenye mchwa hausifiwi kwa umri wake. Unang'olewa, unawekwa mwingine.”

Niliyatambua palepale. Maneno hayo husemwa na mtu mmoja, katika chumba kimoja, kwa wateja wanaoleta milango iliyooza wakitaka ipakwe rangi. Kijiko hajawahi kukaa karakana muda wa kutosha kuyasikia, anaogopa vumbi. Wewe umekulia mle ndani, ukiokota misumari.

Nikageuka kumtazama Baba. Alikuwa anapiga makofi. Uso umemchanua kama aliyekuona unashuka kwenye gari, anamgusa fundi saa begani, anamwambia, “Hayo ni maneno ya mwanangu.” Nikaona vile furaha inavyomwishia alipofahamu mlango unaosemwa ni upi. Mikono ikasimama hewani. Kisha akaiweka magotini, ikatulia hapo mpaka mwisho. Mengi ya siku ile nitayasahau, ila ile mikono sitaisahau.

Halafu Kijiko akauliza, kwa upole kabisa: “Nani hapa hataki maendeleo? Asimame tumwone.” Nani asimame, na swali limetegwa hivyo? Fundi saa alianza kuinuka, akajikuta peke yake, akajifanya anavuta suruali, akakaa. “Basi tumekubaliana,” akasema Mheshimiwa, na katibu akaandika kwamba wananchi wameridhia kwa kauli moja. Yote yalikwisha kabla ya jua kuwa kali.

Najua hukujua. Namfahamu Kijiko, atakuwa amekuambia ni maboresho ya barabara, basi, akakusifia kalamu yako na wewe ukalainika. Hata mimi nililainika, na mimi wala hakunisifia. Lakini kaka, ungeuliza. Swali lilikuwa moja tu, kwamba mlango unaong'olewa ni wa nani. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba mtu mwenye akili kama zako aliombwa maneno ya kumng'oa baba yake, na hakuuliza.

Baba hataki nikulaumu. Anasema aliyenoa kisu siye aliyechinja. Nami nikamwambia mnoaji mwenye macho humwangalia anayemletea kisu. Akaongeza sauti ya redio.

Sasa ninachokuomba ni hiki. Kijiko anatamba kwamba anakuandikia tena, anataka hotuba ya siku ya kufungua kituo, na baada ya hapo anautaka ubunge. Usimpe. Simwombei mabaya, ni damu yetu. Ila aende na maneno yake mwenyewe, watu wampime kwa hayo. Ya Baba yamebaki machache, na ningependa yabaki nyumbani.

Mimi nitasuka watu barazani kwa Mama, wateja wangu watanifuata, wanapenda umbea wangu. Fundi baiskeli anarudi kwao. Baba hajasema atakwenda wapi na meza yake ya kazi. Anasema mwisho wa mwezi haujafika.

Lakini mlango wa karakana hakungoja waje kuubomoa. Aliung'oa mwenyewe juzi, akaupiga randa, akaukata chini kidogo, akaupachika kwenye chumba chako, kile tulichokuwa tunazibia pazia. Karakana sasa iko wazi mchana na usiku, na yeye wala hajali.

Kitinda mimba wangu alikimbilia kuufungua kama kawaida yake. Baba akamshika mkono taratibu, akamwambia yeye si mdogo wa nyumba hii tena, yupo mwingine. Hivyo mlango umefungwa, na Baba anasema kazi haijakwisha.

Wasalimie wote huko, mkeo kwanza. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na usimjibu binamu yako kwa haraka. Fundi saa anakusalimu, na wanangu wote. Shangazi naye anakusalimu. Siku hizi anatembea kwa kuinamisha kichwa, maskini, kana kwamba yeye ndiye aliyeyasema yale uwanjani. Mungu akulinde ugenini, aulinde na mkono wako, akuoneshe mapema unachoshikishwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukasirikia.

Nilikuwa nimesahau hili. Kitasa cha ule mlango Baba hakukiweka mahali pake pa kawaida. Amekishusha chini kabisa, usawa wa mtoto anayetembea kwa kushika ukuta. Sisi wakubwa itabidi tuiname. Nilipomwambia kwamba binti yako atakuwa mrefu kabla hamjafika, alisema basi msichelewe.