Fungu la Idi na Mbwa wa Mwantumu

Tanga, 4 Agosti 2008

Mwanangu Mwantumu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, magoti yangu tu ndiyo yanasumbua. Wewe na baridi yenu mnaendeleaje?

Picha imefika. Nimeiangalia mpaka miwani ikaniponyoka. Miaka mitatu unaniambia unafanya kazi uwanja wa ndege, kumbe unavutwa na mbwa! Mtu na diploma yake! Anakulamba? Unaswali vipi? Nijibu haraka, chakula hakinipiti.

Mama yako


Toronto, 30 Agosti 2008

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti vipi, unayachua?

Usishtuke. Huyo ni Tofi, spanieli wa Kiingereza. Asili yao ni kufurusha ndege vichakani ili mwindaji apige. Hapa ananusa mizigo ya abiria, na akikuta nyama, maana huku ni marufuku kuiingiza, anakaa kitako mbele ya mwenye begi. Wako wa namna nyingi. Wa Wales ni wekundu na weupe, wadogo kidogo. Wa Kimarekani wana macho ya duara na manyoya yanayoburura chini. Hata hawa wa Kiingereza wamegawanyika: wa porini ni wembamba na hodari wa kunusa, wa maonyesho ni wazito, masikio marefu, wamepambwa kama bibi harusi, na kunusa wameshasahau.

Nikitoka kazini najitwaharisha, nabadili nguo, ndipo naswali. Ukija Januari, nakuomba, usibebe nyama yoyote.

Mwanao


Scarborough, Toronto, 19 Januari 2009

Mwantumu,

Salamu. Mimi mzima. Nitabaki hapa kwa mjomba wako mpaka siku ya kurudi.

 Nyama ile ilikuwa fungu lako la Idi! Tulipochinja kila mtoto alitengewa lake, la kwako nikalikausha kwa chumvi na kulifunga na karafuu. Kwenye picha mbwa wako ana masikio marefu na manyoya tele. Nikasema huyu wa maonyesho, hanusi kitu. Haya, akaja moja kwa moja akakaa miguuni pangu. Nikakuona, nikafungua mikono. Ukanitazama usoni ukasema, "Madam, fungua begi." Kisha ukampa mbwa mpira, ukamsifu, ukacheka! Mbele ya watu wote!

Mama yako


Crescent Town, Toronto, 22 Januari 2009

Mama,

Shikamoo. Kila nikipiga simu mjomba anasema umepumzika. U mzima kweli?

Picha ile tulipiga wakati wa baridi, alikuwa hajanyolewa. Tofi ni wa porini. Ningekuita mama pale, wangesema tumepanga pamoja, na kazi ingeota mbawa. Na mbwa akipata lazima asifiwe papo hapo, kwa sauti ya furaha, la sivyo mafunzo yote yanaharibika. Nilicheka, mama. Halafu nikaenda chooni nikalia hadi wakaja kunigongea. Nisamehe.

Mwanao


Tanga, 1 Desemba 2009

Mwantumu,

Asalaam aleikum. Magoti yana nafuu. Barua zako zote sita nilizipata.

Idi tumechinja, wenzio wamekula. Fungu lako liko kwenye friji la jirani. Sikulikausha, sikulifunga. Njoo ulile mwenyewe. Mbwa umwache huko huko.

Ni mimi,
Madam