Sahihi ya Toleo la 117

Tainan, 4 Machi

Dada Su-chen,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa barua pepe zenu kazini zinasomwa. Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Mimi sina raha, seli ninazozikuza maabara zinakufa. Ile protini ya binadamu mnayoizalisha ndani ya bakteria, inayoziambia seli zikue, naziwekea kila siku, nazo zinasinyaa tu. Ni chupa za toleo la 117, na sahihi kwenye cheti chake cha ubora ni yako. Natetea tasnifu Aprili kumi. Bila seli sina cha kutetea. Profesa Kuo, msimamizi wangu, anataka kukilalamikia kiwanda chenu, nimemwomba asubiri. Niambie kweli, toleo hilo lina nini?

Mdogo wako, Ping-jui

Hsinchu, 7 Machi

We Ping-jui,

Mimi mzima. Mwambie mama aache kupandapanda ngazi. Sasa wewe! Seli zikifa tu, mbio kwa dada! Uliizungusha chupa kwenye mashine kabla ya kuifungua? Unga wenyewe hauonekani kwa macho, unanasa kifunikoni; ukifungua kwa pupa, umeumwaga. Au uliuyeyusha kwa maji matupu, ukanata kwenye plastiki? Nakujua, wewe hata wali wa jiko la umeme uliuunguza. Na huyo profesa asithubutu kuligusa jina langu. Nikifukuzwa, mama atatunzwa na nani?

Dada yako

Tainan, 11 Machi

Dada,

Natumaini hasira zimepoa na u mzima. Chupa nilizungusha. Unga niliuyeyusha kama karatasi ya maelekezo inavyosema. Nimefungua tatu mpya, seli zimekufa zote. Nikaazima toleo la 109 maabara ya jirani, zikanawiri! Usinitanie tena. Tarehe 29 profesa anapeleka malalamiko. Naihofia kazi yako kuliko tasnifu yangu. Nijibu, tafadhali.

Mdogo wako

Hsinchu, 26 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kimya. Hujambo? Mama je? Wiki tuliyokagua toleo hilo, kabla tu ya Mwaka Mpya, kila mtu alikuwa anafungasha kwenda kwao. Jaribio la seli hai linataka siku nne, na hakuna aliyetaka kubaki kuzilisha sikukuu nzima. Nilipima uzito na usafi, vilikuwa sawa kabisa. La seli hai nikalisainia bila kulifanya. Nilijiambia, mbona matoleo yote yaliyotangulia yamefaulu?

Ulipoandika nikalifanya kwa siri, mara tatu. Protini ni safi lakini imejikunja vibaya, seli haziitambui. Meneja akaniambia nifunge mdomo. Nimekataa. Leo nimeziandikia ukweli maabara zote arobaini na moja zilizonunua toleo hilo, kisha nimeacha kazi. Matokeo yamo humu ndani. Mpelekee profesa akuongezee muda, utetee. Wewe ulisema kweli, mimi nikakutukana. Naona aibu, Ping-jui.

Dada yako

Tainan, 26 Machi

Dada,

Salamu. Mama na mimi tuko salama. Jibu lako halijafika, ila kimya chako nimekielewa. Acha kuogopa. Asubuhi hii nimemwambia profesa kosa ni langu, kwamba chupa zote, hata zile tatu, niliziacha nje ya friji wikendi nzima nikaficha. Alinifokea mbele ya watu. Barua ya malalamiko ameichana, na mimi amenitoa maabara. Sitatetea Aprili, wala mwakani. Mama sijamwambia, na wewe usimwambie.

Kazi yako iko salama, dada.

Mdogo wako