Droni juu ya zizi

Ndaki,

Uji uko kwenye chupa, viazi nimevifunika kwa sahani ya maua. Kuku wape chenga, si mchele. Mimi nimewafuata wakwe zako kijijini kwao Nkololo nikawaombe radhi.

Ng'wanawane, mwanangu wee, wiki nzima umenichosha na droni. Kwanza ulitaka ndogo, eti haihitaji kibali. Mara sheria imebadilika, hata ndogo isajiliwe, basi bora kubwa. Jana umerudi kwenye ndogo. Nikasema subiri, kaulize kwanza wanaotoa vibali. Wewe ukaazima ya Hamza wa dukani, "kuijaribu tu, bibi."

Ukaijaribu juu ya zizi, asubuhi ileile wakwe wanachagua ng'ombe wa mahari! Ng'ombe gani atavumilia dudu linalonguruma juu ya pembe zake? Wamevunja zizi, wamekanyaga pamba. Wamerudi wote isipokuwa mtamba mweupe, yule ambaye baba mkwe wako alikuwa ameshamshika nundu. Ameondoka amenuna, anasema hataki mwingine.

~~Mrudishie Hamza kidude chake sasa hivi.~~ Hapana, usimrudishie bado. Si ulisema kilikuwa kinapiga picha? Zitazame mpaka uone mtamba alikimbilia wapi, kisha umfuate. Kwa miguu, Ndaki.

Ukimpata, droni tutachagua wote, na kibali tutakwenda kuulizia wote. Usipompata, usijisumbue kuchagua. Hutakuwa na harusi ya kupiga picha.

Bibi yako

Funga mlango wa jikoni, mbuzi wanaingia.